Alama, Sifuri Hadi Tatu

Tulianza Karura, mto ukiwa bado mtoto,
tukavuruga changarawe kwa miguu mbele ya wavu,
dakika tatu kwa saa ya Mbithe,
kisha tukashuka, daraja kwa daraja,
hadi Korogocho, maji yanapopita na rangi ya chai ya juzi.
Chupa kumi na nne. Spiriti. Vikaratasi vya penseli,
maana wino hauivumilii spiriti.

Nilitaka kuwapanga kwa majina.
Nimekulia hapa; najua swali la kwanza la kila karani:
jina la baba? La babu? Kwenu hasa ni wapi?
Na jibu likitoka, uso wake hufunguka, au hufungwa kama droo.

Dakta Awinja akaisukuma kando orodha yangu.
"Ukoo unakwambia katoka wapi, haukwambii anaishije.
Muulize anapumulia nini. Anakula nini, na kwa mdomo wa namna gani.
Mvua ikija, anashika wapi?"

Basi nikawauliza, mmoja mmoja,
chini ya hadubini, kwa ncha ya koleo.

Huyu wa Karura ana matamvua ubavuni,
yanapepea hata baada ya kufa kwake;
anataka maji baridi yenye hewa, na hana subira.
Huyu kajishonea ala ya mchanga kwa uzi wa mate yake,
punje nyeusi, punje kahawia, punje nyeusi,
fundi asiye na shahidi.
Huyu hukwangua jiwe kama mtoto anayetafuta ukoko.
Huyu hukatakata majani ya mkuyu,
na wa bondeni wote wanaishi kwa makombo yake.
Na huyu katega wavu kati ya mawe mawili, ameketi,
anangoja dunia imletee chakula.
Namjua mtu kama huyo.

Kutoka Korogocho: wekundu, wembamba, mamia.
Wekundu wao si wa hasira. Ni damu,
yenye chuma kama yangu,
inayoikamata hewa kidogo iliyopo na kuinyima njia.
Na buu mmoja mwenye mkia mrefu wa kupumulia,
kazama kwenye uvundo, ncha ya mkia juu,
kama anayenyoosha shingo nyuma ya umati.

Jedwali halitaki ndiyo wala hapana.
Kila tabia ina alama, sifuri hadi tatu:
konokono huyu, kukwangua tatu, kula matope moja.
Kaa mdogo hukata majani, na akiyakosa huwinda: mbili, mbili.
Wachache mno walikuwa kitu kimoja tu.
Nilihesabu upya, nikidhani nimekosea.

Mwezi wa nne mto ulikuja usiku.
Ulichukua sukuma za Bi Nekesa, na kitanda, na mlango,
na choo cha mabati tulichozoea kuegeshea ndoo zetu.
Wiki tatu baadaye tukavuruga changarawe tena.
Wenye matamvua, hata mmoja.
Waliobaki: wenye kulabu miguuni, waliojua kujichimbia,
na wale ambao kizazi chao ni siku kumi na tano,
waliorudi kwa mabawa
wakataga kabla tope halijatulia.

Bi Nekesa naye alikuwa karudi.
Kigingi kimoja, turubai, miche kwenye kopo la rangi.
Akauliza, kama kila mara, kama tunatafuta dhahabu.
Mbithe akamwinamishia sinia jeupe.
Alitazama kwa muda mrefu, mikono nyuma,
asije akakigusa kitu cha watu.
"Hawa wekundu huwa nawaona nikichimba," alisema.
"Kumbe wana kazi."

Usiku niliandika hilo pembezoni, kwa penseli,
nje ya safu zote.
Nikalifuta.
Asubuhi bado lilisomeka, karatasi ilikuwa imeshika alama,
nikapitisha penseli juu yake tena.